Chuo, Sala na Ngoma: Mwanachuo wa Mrima na Kitabu Chake

Neno chuo limesafiri mbali kabla ya kutufikia. Katika tenzi za kale chuo ni kitabu, na mwenye vyuo ni mwenye elimu. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu likakaa kwenye nyumba kinamosomwa kitabu hicho. Chuo kikawa baraza ya mwalimu, watoto wamekaa mkekani, mbao zao mapajani. Leo tukitaja chuo, aghalabu tunamaanisha chuo kikuu, na mwanachuo ni kijana anayetafuta shahada. Ndugu yake neno hili ni kuhitimu. Kwa wazee wetu, aliyehitimu ni yule aliyeifikisha khitma, yaani aliyeisoma Kurani yote mbele ya mwalimu wake. Sasa mhitimu huvaa joho na kofia bapa, akapigwa picha, na wachache wanaomtazama hukumbuka kwamba neno analoitwa kwalo lilitoka mkekani.

Naanza na maneno haya kwa sababu yana ushahidi wa kihistoria. Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa elimu ya juu ni mgeni katika pwani yetu, kwamba aliingia pamoja na wakoloni au baada yao. Maneno yenyewe yanakanusha dhana hiyo. Mrima ulikuwa na wanafunzi waliokwisha kuhitimu na bado wakaendelea kusoma, miaka mingi kabla ya Mlimani kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Swali la makala hii ni hili: mwanachuo wa aina hiyo aliishi vipi? Alisali vipi, na masikio yake yalipenda nini? Jibu tunalo, kwa kuwa mmoja wao alituachia kitabu. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Kwanza tuitazame nchi yake. Mrima ni ule ukanda wa bara unaokabili Unguja. Bagamoyo ndio mji wake uliovuma zaidi, lakini kaskazini yake, ukishavuka mto Wami, ndipo ilipo Saadani. Msafiri wa leo huijua Saadani kama hifadhi ya taifa, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, mahali ambapo wanyama wa nyika hufika hadi mchanga wa bahari. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari. Pembe za ndovu, nafaka na watumwa vilitoka Uzigua na nchi za nyuma yake vikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wamishionari wa London waliichagua mwaka 1877 kuwa mwanzo wa njia yao ya kwenda bara. Walitumaini kuvuta magari kwa ng'ombe hadi Mpwapwa, na ng'ombe wao wakamalizwa na mbung'o. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, aliwapinga Wajerumani wakati ule ule Abushiri alipowapinga upande wa Pangani na Bagamoyo. Mizinga ya Wajerumani iliipiga Saadani mwaka 1889. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka huo, na Bwana Heri akasalimu amri mwaka 1890.

Vita hivyo vimeandikwa na wengi. Tena wapenzi wa ushairi wanamjua Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, mwanachuoni aliyevitungia utenzi. Lakini maisha ya kila siku hayapigi mizinga, na kwa hiyo hayana waandishi wengi. Hapo ndipo thamani ya Mtoro inapoonekana.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, takriban mwaka 1869, katika jamii yenye asili ya Kizaramo. Alisoma, akawa mwalimu wa chuo. Kabla hatujafuata nyayo zake, yafaa tukumbushane njia ya elimu ilivyokuwa. Mtoto alianza na ubao wa mti, kalamu ya mwanzi na wino. Alijifunza herufi, kisha irabu, kisha kuziunganisha. Akaingia juzuu ya mwisho yenye sura fupi fupi, akapanda hivyo hadi khitma. Mzazi alitoa ada yake kwa mafungu, kila hatua na haki yake, na siku ya kuhitimu palikuwa na karamu. Mwanafunzi naye alimtumikia mwalimu: kuni, maji, na siku nyingine kazi ya shamba. Mwalimu alikuwa na haki ya kuchapa, na mzazi aliyemfikisha mtoto chuoni alikuwa ameshakubali hilo.

Wengi waliishia hapo. Aliyetaka zaidi alitafuta mwanachuoni akakaa katika darasa lake, mara nyingi baina ya sala na sala msikitini au barazani. Hapo palisomwa fikihi ya madhehebu ya Shafi, kuanzia vitabu vidogo kama Safina hadi vikubwa kama Minhaj; palisomwa nahau ya Kiarabu na tafsiri ya Kurani. Hapakuwa na mtihani wa karatasi wala kalenda ya masomo. Mwalimu alimsikiliza mwanafunzi akisoma, akamsahihisha, na siku alipotosheka alimpa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha kitabu kile alichokisoma kwake. Ijaza ilikuwa na mnyororo: huyu alisoma kwa fulani, naye fulani kwa fulani. Mtu hakusema amesoma wapi. Alisema amesoma kwa nani. Huyo, msomaji wangu, ndiye mwanafunzi wa shahada ya juu wa Mrima.

Je, mwanachuo huyu alijitenga na mji? La. Alioa na kuzika, alikwenda shamba na baharini, alidai na kudaiwa. Na usiku ulipoingia, ngoma ilimfikia kama ilivyomfikia kila mtu. Mji wa Mrima haukuwa na usiku wa kimya. Palikuwa na ngoma za arusi na za jando, ngoma za mashindano baina ya mtaa na mtaa, ngoma za watumwa zilizokuja na watu kutoka bara, na ngoma za kupunga pepo. Jonathon Glassman, mwanahistoria wa Kimarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu pwani hii kabla ya vita vya 1888, ameonyesha kwamba karamu na ngoma zilikuwa uwanja wa siasa: ndipo mtu aliponunua heshima, ndipo mgeni alipodai kuwa mwenyeji, na ndipo aliyedharauliwa alipoonyesha kwamba naye yumo mjini.

Sasa tukifunue kitabu. Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na mwaka huo huo tafsiri yake ya Kijerumani. Aliyekitoa ni Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin. Yeye ndiye aliyeyakusanya maandishi ya Waswahili kadhaa, na mwandishi mkuu miongoni mwao alikuwa Mtoro. Kitabu kinaanza na uzazi na kumalizikia kwenye mauti na sheria. Baina ya hayo mna malezi, chuo, jando, ndoa, kilimo, safari, utumwa, maradhi, adabu za kuamkiana, na ngoma. Mna pia pepo na namna ya kuwapunga.

Lililonivutia mimi, kama mtu wa mashairi, ni mkao wa mwandishi. Huyu ni mwalimu wa Kurani. Angeweza kuipita ngoma kimya, au kuitaja kwa sharti la kuilaani kwanza. Hakufanya hivyo. Ameiandika ngoma kwa kalamu ile ile aliyoandikia sala na mirathi: nani hucheza, wakati gani, kwa kusudi gani, kwa gharama gani. Sidai kwamba aliiona kila ngoma kuwa halali. Mwanachuo aliijua mipaka ya sheria kuliko jirani yake. Lakini alijua pia kwamba kuyaeleza maisha ya watu ukiacha ngoma zao ni kusema uongo kwa kunyamaza.

Mfasiri anayeshika kazi hii hukwama mapema kwenye neno hilo hilo. Ngoma ni nini? Ni chombo kilichowambwa ngozi. Ni uchezaji. Ni mkusanyiko wenyewe, kwa maana mtu husema kesho kuna ngoma akimaanisha shughuli nzima pamoja na chakula chake. Ni tiba pia, pale inapopigwa kwa ajili ya mgonjwa mwenye pepo. Kijerumani na Kiingereza humlazimisha mfasiri achague moja na kuyaacha mengine matatu nje ya mlango. Mimi niliyejifunza ufundi wa kufasiri bila kukaa darasani nimejifunza kutoka neno hili kwamba si kila tofauti inayoonekana katika lugha moja imo katika nyingine. Mgawanyo wa sanaa huku, dini kule na uganga pale ulikuwa wa wafasiri. Kwa Mtoro yote hayo yalikuwa desturi, na desturi ndilo neno lililokaa juu ya jalada.

Mwanachuo huyu alikuwa pia msafiri. Mwaka 1901 Velten alichapisha mkusanyiko mwingine, Safari za Wasuaheli, ambamo mna habari za Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Humo pia mna safari ya Mtoro kwenda Udoe na Uzigua, ile nchi iliyoko nyuma ya Saadani, pamoja na habari za Wadoe na mila yao. Ukiyasoma maandishi haya mawili ya Mtoro pamoja, unaona mazoea ya mtafiti. Anauliza, anatazama, anaandika mila ya jirani kama alivyoandika mila ya kwao. Siku hizi mwanafunzi wa uzamili huambiwa aende uwandani na daftari. Mtu wa Dunda alikwenda uwandani bila kuambiwa na chuo kikuu chochote.

Mwaka 1900 Mtoro alikuwa amefika Berlin, kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1887. Si yeye wa kwanza. Kabla yake walikuwako Waswahili wengine, mmojawapo akiwa Amur bin Nasur wa Unguja. Kazi yao ilikuwa kusemesha na kusahihisha. Wanafunzi walikuwa maafisa, wafanyabiashara na wengineo waliojiandaa kuja kwetu. Hebu tafakari hali hiyo: mwalimu wa chuo cha Mrima, aliyezoea mwanafunzi amletee kuni, amekaa mbele ya vijana ambao kesho watakuja kulipisha kodi watu wa Mrima. Aliyekuwa mwalimu barazani, huku alihesabiwa msaidizi. Aliyekuwa na ujuzi ndiye aliyekuwa chini ya asiye nao.

Alioa huko. Mwaka 1904 Mtoro alifunga ndoa na Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda. Mgogoro ulikuwa umekwisha kuingia darasani, kwani baadhi ya wanafunzi hawakutaka kumheshimu mwalimu Mwafrika, naye hakukubali kudharauliwa. Mwaka 1905 kazi yake katika Seminari ilikoma. Akashika njia ya bahari pamoja na mkewe kurudi nyumbani. Serikali ya koloni, chini ya Gavana von Götzen, haikukubali Mwafrika aliyeoa Mzungu akae katika nchi ile na mkewe. Wakarudishwa Ujerumani. Mtu aliyeandika sura nzima juu ya ndoa za Waswahili, posa yake, mahari yake na haki zake, alinyimwa haki ya kumfikisha mkewe kwao. Ni mwaka huo huo moto wa Maji Maji ulipowaka kusini.

Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 alifundisha Hamburg, kwenye Taasisi ya Kikoloni, alikokuwa Carl Meinhof, yule mtaalamu wa lugha za Kibantu. Baadaye akarudi Berlin, na huko ndiko alikofariki mwaka 1927. Dunda hakuiona tena.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yanamgusa kila mwanafunzi wetu anayekwenda ughaibuni leo. Kitabu cha 1903 kilikuwa na jina la Velten. Ilipita miaka 78 kabla jina la Mtoro halijakaa juu ya jalada, pale tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981 katika chapa ya Chuo Kikuu cha California, ikaandikwa kwamba ni desturi za Waswahili zake Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Mwaka 2009 Ludger Wimmelbücker akamwandikia kitabu cha maisha yake, kilichotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Heshima imekuja, ila imechelewa. Katika mfumo wa ijaza, jambo hili lisingewezekana. Mnyororo wa walimu hauruhusu kuruka jina. Ukiruka pete moja, elimu yote iliyo mbele yake imekatika. Katika mfumo wa Göttingen, aliyekusanya alitajwa na aliyejua akaachwa. Kipi kati ya vyuo hivyo viwili kilikuwa na adabu ya elimu zaidi? Namwachia msomaji.

Wakati Mtoro yuko Ujerumani, Bagamoyo ilimpata mwanachuo mwingine ambaye maisha yake yanatimiza picha hii. Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Shehe Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema. Alisoma, akafungua chuo, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Tarika hii ilienezwa katika pwani yetu hasa na Shehe Uways wa Barawa, aliyefika Unguja zama za Sayyid Barghash. Ibada yake maarufu ni zikri: watu wamesimama safu au duara, miili ikienda pamoja, pumzi zikitoka kwa mdundo mmoja, mmoja akiimba kaswida juu yao. Masheikh hawakuafikiana kuhusu zikri hii ya sauti. Wako walioona haifai kufanywa msikitini. Lakini watu wa Mrima waliifuata, wakiwamo wengi waliokuwa watumwa au wana wa watumwa. August Nimtz, Mmarekani aliyeitafiti tarika hiyo Bagamoyo na kutoa kitabu mwaka 1980, ameeleza jinsi mtumwa wa jana alivyokuja kuwa shehe anayebusiwa mkono na waungwana. Ramiya alifariki mwaka 1931, akarithiwa na mwanawe, Muhamadi Ramiya, na maulidi ya Bagamoyo yaliendelea kuvuta watu kutoka mbali.

Ninachotaka kionekane ni hiki. Kwa Mtoro, ngoma na sala zilikaa katika kitabu kimoja. Kwa Ramiya, mdundo na sala vilikaa katika pumzi moja. Hawa hawakuwa wajinga waliochanganya mambo kwa kutokujua sheria. Walikuwa wanachuo, na sheria walikuwa wakiifundisha. Walijua tofauti ya ngoma ya pepo na zikri, ya kaswida na wimbo wa arusi. Mipaka hiyo waliijadili kwa elimu, wakabishana kwa vitabu, na mji ukabaki mmoja.

Mwaka 1981 Bagamoyo ilipata Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wapo waliotabasamu kusikia neno chuo limewekwa mlangoni mwa nyumba ya kupigia ngoma. Mimi naona neno lilikuwa limefika pengine ambapo Mtoro alishalitangulia. Mwalimu wa chuo alikuwa ameziandika ngoma; sasa ngoma nazo zikapata chuo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya Bagamoyo kuwa makazi yake hadi alipofariki mwaka 2003, alizipeleka ilimba na zeze zake duniani kutoka mji huo huo wa Ramiya. Mgeni wa bara kuingia Mrima na ala zake, akapokewa na kuwa wa mji, si jambo jipya. Ni desturi, na imo kitabuni.

Sasa tumwangalie kijana wa leo. Ametoka Bagamoyo au Saadani, anasoma shahada ya uzamili Mlimani. Alfajiri anaswali, mchana yumo maktaba, jioni redioni anasikiliza taarabu au bongo fleva, na mwezi wa Mfunguo Sita anakwenda nyumbani kwa maulidi. Kijana huyu anavutwa pande mbili. Huku anaambiwa kwamba dini yake haikai na muziki, na kwamba wazee wake waliocheza dufu walipotea. Kule anaambiwa kwamba msomi wa kweli huiacha sala mlangoni, na kwamba ngoma za kwao ni burudani ya watalii, hazina elimu ndani yake. Pande zote mbili humtaka akate kiungo kimoja cha mwili wake ili avikwe joho.

Kijana huyu anastahili kukijua kitabu cha Mtoro, tena kwa Kiswahili chake, pasipo kupitia Kijerumani wala Kiingereza. Hakitamwambia wimbo gani ni halali. Hiyo si kazi yake. Kitamwonyesha kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita alikuwako mtu wa Dunda, mwenye ubao na msala, aliyesikiliza ngoma ya mji wake kwa makini kiasi cha kuiandika, na hakuona kwamba elimu yake imepungua. Kitamwonyesha pia gharama aliyolipa alipoipeleka elimu hiyo kwa watu waliotaka ujuzi wake bila kumtaka yeye.

Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Ramiya aliujua utumwa wenyewe na Mtoro aliandika sheria zake, kwa hiyo methali hii kwao isingekuwa pambo. Mila waliyoirithisha ni nzito kuliko inavyodhaniwa: ni ya mwanafunzi anayejua amesoma kwa nani, anayetaja jina la mwalimu wake, na anayeandika maisha ya watu wake yote, sala zao na ngoma zao. Atakayeandika tasnifu yake juu ya Mrima kesho, na aanze kwa kuitaja pete hiyo ya mnyororo: nimesoma kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari.